Balozi Tachikawa na Mkono Alionyimwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, ingawa nywele zimekuwa nyeupe na siku hizi hata jina la jirani yangu hapa Edmonton, kaskazini mwa London, hunipotea. Nilikuwa binti mbichi, afisa mdogo katika ubalozi wetu hapa London, na kulikuwa na mkutano wa bei ya mkonge. Mkuu wa ujumbe wetu aliugua, nikaambiwa nikalie kiti chake. Mimi, mtoto wa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga!

Asubuhi hiyo niliomba bei isishushwe tena, ili wakataji wa kwetu wapate angalau cha kulisha watoto. Mjumbe mmoja wa wanunuzi akacheka. Akasema nchi changa zijifunze kwanza kushukuru. Wengine wakainamia makaratasi yao. Nikakusanya vitu vyangu, nikatoka, nikiapa kwamba sirudi. Hasira hasara, lakini nani hukumbuka methali moyo ukiwaka?

Nilikuwa kwenye korido navaa koti aliponifuata mzee mmoja mfupi, Balozi Tachikawa, kiongozi wa ujumbe wa Japani. Japani nayo ilikuwa upande wa wanunuzi, kwa hiyo sikutarajia wema kwake. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamjibu, kwa adabu iliyokuwa imenibakia, kwamba nakwenda mahali ninapoheshimiwa.

"Binti," akasema, "kiti kitupu hakibishani na mtu. Ukiondoka wewe, bei itaandikwa kabla ya chakula cha mchana."

Tukaketi kwenye benchi, akanisimulia maisha yake polepole, kama mtu anayemenya chungwa. Vita vilipokwisha alikuwa kijana katika mji uliogeuka majivu. Kiingereza alikipata kwa kuwatafsiria askari wa kigeni walioikalia nchi yake. Akaingia wizara ya mambo ya nje, akaletwa London akiwa katibu mdogo. Katika tafrija yake ya kwanza alimnyooshea mkono Mwingereza mmoja, na yule bwana akaweka mikono yake nyuma. Alikuwa amefungwa na Wajapani wakati wa vita, na huko kifungoni akazika rafiki zake. Tachikawa hakumlaumu. Kila walipokutana aliinama, akamsalimu, akaenda zake.

Baadaye alirudi kwao kugombea ubunge, akashindwa. Watu walisema amekwisha kuwa mgeni. Akatembea kwa miguu vijiji vya wakulima wa mpunga, akisikiliza kuliko kusema, akagombea tena, akashinda. Akafika hadi unaibu waziri. Kisha wakamwangusha, kwa sababu alisema hadharani kwamba nchi yake iwaombe radhi wale iliowatesa vitani. Ndipo serikali ilipomrudisha London kuwa balozi.

"Na yule Mwingereza?" nikamuuliza.

"Siku hizi huitikia salamu. Mkono bado hajanipa." Akatabasamu. "Ndiye mwenyekiti wa kikao chetu."

Nikavua koti.

Nilirudi ndani, nikaomba nafasi ya kusema, nikaeleza upya hoja zangu bila kupandisha sauti. Yule aliyenicheka alipotaka kunikatiza, mwenyekiti alimwambia angoje zamu yake. Nilipomaliza, Tachikawa akatamka kwamba Japani itanunua kwa bei ileile, bila kuishusha. Wanunuzi wakatazamana. Mmoja akakubali, mwingine akafuata, na kufikia alasiri ilibaki kutia saini tu.

Hapo mwenyekiti akainuka. Akaizunguka ile meza ndefu taratibu, maana mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu kifungoni, akasimama mbele ya Tachikawa na kumnyooshea mkono. Mzee wa Kijapani akaupokea kwa mikono yake yote miwili, na chumba kizima kikasimama kupiga makofi. Mimi nililia, wala sikuona haya. Papo kwa papo, wahenga walisema, kamba hukata jiwe.

Tachikawa alirudi kwao akagombea tena, kwa maneno yaleyale yaliyomwangusha, na safari hii wakamchagua kwa shangwe. Habari ilinikuta jikoni, redio ikisema. Nikapiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi nisikilize, mwanangu, hata kama utanijibu kwa Kiingereza kama mlivyozoea ninyi mliozaliwa hapa. Usimwachie kiti chako mtu aliyekucheka. Rudi, keti, sema jambo lako kwa utulivu. Asiyekupa mkono, jiulize kwanza amebeba maumivu gani, na uendelee kumsalimu. Ukiangushwa kwa sababu ya ukweli, usiubadilishe ukweli ili uinuke. Simama nao uleule. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na ajuaye kushindwa bila kuondoka ndiye atakayeshinda.

Mungu akupe subira isiyo na woga. Uingiapo ukaribishwe, usemapo usikilizwe, na watoto wako wasimame juu ya mabega yako waone mbali kuliko sisi. Amina.