Sakafu ya Dada Zuhura

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka Kisaki, mwanangu, baada ya kuwabebea Wajerumani mizigo miezi mitatu. Nilipanda milima hadi kwa dada yangu Zuhura, mkeka wangu wa safari begani. Mumewe alikuwa amechukuliwa kwenda kujenga reli, na sakafu yake ya udongo ilikuwa na nyufa za kuingia kidole.

Mjomba wetu, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno, alinizuia mlangoni.

"Mkeka huo uache juani. Kambi zenu zimejaa papasi, wale kupe waletao homa. Na nyufa hizi zisiribe leo, papasi hujificha humo."

"Shikamoo kwanza, mjomba," nikamtania. "Mimi nimelala kambi za Mdachi, niogope kidudu?"

"Marahaba. Kidudu hakimjui Mdachi."

Zuhura akacheka kutoka ndani. "Mwache, mjomba, mdogo wangu siku hizi bwana mkubwa. Atasiriba kesho."

Nikautandika mkeka ule ndani. Kesho ikazaa kesho. Udongo wa kusiribia ulikuwa bondeni, na mimi nilikuwa nikizunguka nyumba za watu kusimulia safari.

Haukupita muda Zuhura akashikwa na homa. Ikampiga siku kadhaa, ikamwacha. Akaamka, akasonga ugali, akasema, "Kwa njaa hii, hata wewe nakula." Nikafurahi, nikamwita mjomba mwoga. Baada ya juma homa ikarudi. Ilipokuja mara ya tatu, iliondoka naye.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikujenga ukuta, nilichimba kaburi.

Baada ya maziko niliteremka bondeni, nikabeba udongo, nikaisiriba sakafu yote peke yangu. Ilikauka bila unyayo wa mtu. Shemeji aliporudi nilimweleza ukweli. Hakunipiga, wala hakulia mbele yangu. Alichukua jembe lake akaenda zake, na hatukuonana tena. Afadhali angenipiga.

Mwanangu, si kila ugonjwa huja wenyewe. Mwingine tunaubeba begani hadi ndani. Ukitoka safari, anika matandiko yako kabla hujavuka kizingiti. Ukiona ufa katika nyumba ya mtu asiye na msaidizi, usimpe ahadi. Mletee udongo, siku hiyo hiyo, hata kama umechoka.

Mungu akupe nyumba kavu, mwanangu, na akuachie watu wa kulala ndani yake.