Wekundu wa Shamba la Shangazi Odilia

Nilipanda treni ya Mpanda nikiwa na hasira, na sioni haya kulisema. Miaka ile ya tisini kazi yangu ilikuwa kusoma picha za satelaiti katika ofisi moja jijini Dar es Salaam: hapa msitu, hapa mto, hapa shamba la mtu. Siku moja mdogo wangu Jenista akaja mjini na habari kwamba shangazi yetu Odilia, mjane wa huko Mwese, ameamriwa ahame shamba lake la kahawa kabla mvua hazijaanza. Kisa? Eti satelaiti imeliona limeungua.

"Limeunguzwa na nani?" nikamwuliza.

"Mimi najua basi? Bwana Mradi, yule ofisa wa mradi wa kutunza mlima, kaleta picha mpaka mkutanoni. Shamba la shangazi jekundu pyu! Kasema ardhi ya pale imekwisha, watu wahame ili mlima upumzike."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Chombo kile cha angani hupiga picha kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni, na kwenye picha zake mmea wenye afya hutokea mwekundu. Palipoungua hutokea peusi. Maana yake, shamba jekundu pyu ni shamba la kijani kibichi! Jambo hilo kwetu mtu hufundishwa mwanzo kabisa, kabla hajakabidhiwa hata meza. Na huyu bwana anamng'oa mama wa watu kwa kutojua rangi! Nikaomba likizo, nikakata tiketi yangu na ya Jenista.

Tabora tulishuka, tukasubiri treni ya Mpanda hadi miguu ikatufa ganzi. Baada ya Kaliua behewa lilijaa madumu ya asali, kuku na magunia, na mbele yangu akakaa mzee mmoja Msukuma aliyekuwa anahamia Kasansa na ng'ombe wake. Aliposikia kazi yangu akanisogelea.

"Hiyo satelaiti, mwanangu, kweli inatuona?"

"Inaona shamba, mzee. Mtu haimwoni."

"Aa, basi ni sawa na wakubwa."

Behewa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, ingawa moyoni palichoma. Tukaendelea hivyo, tukila karanga zake, mpaka Mpanda.

Mpanda tulifika asubuhi, mji umejaa vumbi na moshi wa nyasi. Tukapata lori la chumvi na sabuni linalokwenda Mwese. Lilipanda mlima likikohoa, mwisho likazima kabisa, tukashuka na kutembea. Kulia majivu, kushoto majivu. Miti imepukutika yote, nyasi nyeusi tititi. Basi hiyo ndiyo ardhi iliyoungua, na hakuna aliyeiwekea mkutano! Tulipopanda kilima cha mwisho nikaona migomba, na chini yake kahawa, majani yanang'aa. Kiangazi chote kile, kijani ilikuwa pale tu.

Mwese tulipokewa uani na shangazi mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo, nyie huko Dar hamli?"

Alitania, lakini macho yake yalikuwa mazito. Mbegu za maharage zilikuwa bado ndani ya chungu. Jirani yake alikwishauza mbuzi kujiandaa na safari asiyojua inakwenda wapi.

"Miti hii niliipanda na marehemu," akaniambia. "Majani ya migomba tunatandaza chini, udongo hauendi na maji. Nikiiacha, huko niendako nitapanda ya kuvuna nani, na umri huu?"

Kesho yake Bwana Mradi alifika na pikipiki, shati limenyooka. Watu walikwishakusanyika nje ya ofisi ya kijiji. Picha yake ilikuwa kwenye fremu ya kioo kama ya harusi. Nikamweleza rangi, kwa adabu zote nilizofunzwa na mama yangu. Akasema hakuna palipoandikwa hivyo. Nikaigeuza fremu, nikatazama. Jamani! Ukingo wa chini wa picha, ule unaoeleza maana ya kila rangi, ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

"Uko wapi ukingo wake?"

"Haukuingia kwenye fremu," akasema.

Nilishika kichwa. Watu wahame kwa sababu fremu ni ndogo!

"Bwana Mradi, shambani kwenyewe umewahi kufika?"

"Haja gani? Teknolojia imeturahisishia."

"Ni hapo tu, baba," shangazi akamwambia. "Hata jasho hutatoka."

Alikwenda shingo upande, kijiji kizima nyuma yake. Alipoingia kwenye kahawa akasimama kivulini, akagusa jani, akatazama juu, akatazama picha yake. Nikadhani tumeshinda. Akakohoa kidogo.

"Kama ni kijani kiasi hiki," akasema, "basi hapa ni msitu. Na msituni hairuhusiwi kulima."

Mwenyekiti wa kijiji aliguna. Shangazi ndiye aliyejibu, polepole, mikono kiunoni.

"Likiungua nihame. Likistawi nihame. Sasa niambie, baba, shamba la mtu wa kubaki huwa la rangi gani?"

Bwana Mradi akaitia fremu kwapani. Akasema atauliza wakubwa wa mkoa, Sumbawanga, na mpaka majibu yaje mtu asiguse jembe. Pikipiki ikaondoka.

Siku mbili baadaye mvua ya kwanza ilinyesha. Shangazi akateremsha chungu cha mbegu.

"Na amri, shangazi?"

"Amri hailiwi, mwanangu."

Mwenyekiti akatokea njiani, nikajua amekuja kutuzuia. Alikuwa na jembe begani. Tulipanda maharage mpaka jua likakaa utosini, na jirani aliyeuza mbuzi akaja naye.

Nilirudi Dar nikiwa na malengelenge viganjani. Majibu ya Sumbawanga hayakuja kamwe. Amri haikufutwa wala haikutekelezwa, na shangazi akawa analima juu yake msimu hadi msimu. Nilimwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba kila picha inayotoka ofisini ieleze rangi zake, tena kwa Kiswahili.

"Dada, watu wa kule hawasomi picha hizi," akasema.

"Hawazisomi, bosi. Wanahamishwa nazo."

Safari ile ilinifundisha kwamba chombo cha angani hakisemi uongo. Anayesema ni mtu aliyekaa chini asiyetaka kunyanyuka. Nikachukua kalamu ya wino mzito, na kwenye kila picha iliyokuwa mezani pangu nikaandika katikati kabisa, pasipofikiwa na mkasi wa mtu: NYEKUNDU NI MMEA. NENDA UKAONE.