Suruali ya Baba Mkwe

Nichekeni, lakini taratibu, maana bado naishi na hawa watu.

Mimi ni mke mgeni katika nyumba hii ya Ngara. Suruali ya shambani ya baba mkwe ilikuwa imetoboka magotini, nikaamua kumshonea nyingine kwa cherehani niliyokuja nayo. Lakini nitampimaje baba mkwe kiuno? Ndipo nikaona suruali ya kaki imeanikwa nyuma ya jiko. Ya mume wangu haikuwa, kwani zake nazifua mwenyewe. Nikaipima kimya kimya. Kiuno kilikuwa kipana! Nikajisemea, kumbe mzee ana mwili, koti tu linamficha.

Jumapili baada ya misa nikapiga magoti, nikamkabidhi. Akaingia ndani kuijaribu, akatoka ameishikilia kwa mikono miwili.

Mume wangu akacheka hadi machozi.

"Usimcheke mkeo," baba mkwe akasema kwa upole. "Nitakula, nitaijaza."

Nikajitetea: "Baba, nilipima ile yako ya kaki, iliyoanikwa nyuma ya jiko."

"Mimi sina suruali ya kaki, mwanangu."

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi, akaacha kumenya.

"Ni yangu," akasema, macho chini. "Tangu wakimbizi waje, miti ya karibu imekatwa yote, kuni ziko mbali na miiba ni mingi. Naivaa ndani ya kitenge."

Kisha akamgeukia mumewe, akanyoosha mkono.

"Vua hiyo, Baba. Mtoto amenishonea mimi."