Pikapu ya Mama Pulchérie yapata ruhusa ya kubeba watu

BARAKA, mashariki mwa Kongo, 2005. Jua ndiyo kwanza linatoka ziwani, na Pulchérie Asende amelala chali chini ya pikapu yake, miguu nje, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kaka yake. Anakaza kitu kwa spana. Pembeni wanamsubiri wanawake wenye mabeseni, na kumchokoza hawaachi.

"Mama Pulché, gari imekumeza?"

"Iko inanitafuna," anajibu kutoka chini. "Mungoje initeme."

Wanacheka. Muda si mrefu anatokea, anajifuta mafuta mikononi, anapiga tairi teke, kisha anapiga honi mara mbili, ndefu. Soko zima la Baraka linaelewa: gari la Fizi na Lubondja linaondoka, anayetaka kwenda aje, na nauli iwe mkononi.

Miezi mitatu iliyopita, neno hilo nauli lingemtia matatani.

Pulchérie, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mzaliwa wa Lubondja na mfanyabiashara wa unga wa mihogo. Miaka yote ya vita aliubeba unga huo kichwani, akipita njia za porini kila barabara ilipofungwa. Kwenye kila kizuizi, wenye bunduki walichota kikombe chao.

"Gari ilikuwa mi mwenyewe," anasema. "Nilikuwa natoka Lubondja na beseni imejaa. Nikifika Baraka, inabakia nusu. Lakini nusu ile ndiyo ililisha batoto."

Bunduki zilipopungua, alikwenda kumtembelea mwenye duka mmoja aliyerudi kutoka uhamishoni. Uani kwa mtu huyo aliona pikapu ikiwa juu ya mawe. Matairi yalikuwa yamekwenda na askari, hakuna anayejua wa upande gani. Nyuma, mahali pa mizigo, kuku walikuwa wakitaga.

"Nilinunua gari pamoja na mayai," anasema, na anacheka mpaka anashika ubavu.

Kuendesha alikuwa anajua. Alipokuwa msichana alipika kwenye parokia moja, na dereva wa mapadri, mzee Jacques, alimfundisha baada ya kuchoka kuchekwa naye kila anaporudisha gari nyuma. Kilichokosekana ni gari lenyewe. Kaka yake Bonaventure, ambaye ni fundi, aliitengeneza pikapu hiyo kwa karibu mwaka mzima, akiokota vyuma huku na kule. Ndiyo maana mlango mmoja ni wa kijani na mwingine mweupe.

Kisha likaja suala la karatasi.

Ofisini aliulizwa: gari ya mtu binafsi, au ya biashara? Ya binafsi ilikuwa dola sitini kwa mwaka, na ukaguzi mara moja tu. Ya biashara ilikuwa mara tatu ya hizo, ukaguzi kila miezi sita, na juu yake bima ya abiria, viti, turubai na kizimamoto.

"Nikamwambia, Shefu, niandikie ya binafsi. Gari iko yangu, mihogo iko yangu. Uongo iko wapi?"

Uongo haukuwapo, mpaka alipoingia barabarani.

"Utamupita mama mwenye kubeba gunia, na mutoto iko mugongoni?" anauliza. "We unaweza? Mi sikuweza."

Akaanza kuwabeba. Pesa hakupokea, kwa kuwa karatasi yake ilikataza. Lakini watu wa Fizi hawajui kupanda bure. Wa Lweba walimwachia samaki. Wa Lubondja walimwachia maharage. Siku moja alikuta jogoo amefungwa kwenye kiti chake, na hakujua amwambie nani asante.

Ndipo siku moja, njiani kuelekea Fizi, akasimamishwa na mkaguzi mpya. Jina lake ni Eugène, kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za matope. Alihesabu vichwa nyuma ya gari, akarudi mbele, akatazama beseni lililokuwa kitini.

"Mama, hii samaki iko zawadi ao iko nauli?"

"Iko samaki tu, Shefu."

"Na hii maharage?"

"Iko rafiki ya samaki."

Wanawake nyuma walikufa kwa kicheko. Eugène hakucheka. Pulchérie akamsogezea beseni, achague samaki anayempenda.

"Akakataa," anakumbuka. "Hapo ndipo niliogopa kweli."

Eugène hakumtoza faini. Alimwambia achague moja: abebe mihogo yake peke yake, au aandikishe gari la biashara. Mpaka atakapochagua, pikapu ilale nyumbani.

Ililala majuma mawili. Wanawake wa Lubondja wakarudi kutembea kwa miguu, na Pulchérie aliwaona wakifika sokoni jioni, soko likiwa limekwisha. Angeweza kubaki na karatasi ya bei ndogo na kupita barabarani bila kugeuza shingo. Usingizi ukamkimbia. Mwisho akauza unga wote aliokuwa ameweka ghalani, akabaki na magunia matupu.

"Bonaventure aliniambia nina kichwa mubaya," anasema. "Lakini akachukua nyundo, akaanza kutengeneza viti."

Turubai lilitoka kwa Nyirakamana, mama wa milima ya juu anayeteremka kuuza siagi. Alilileta limekunjwa chini ya kwapa.

"Turubai hii ililala na sisi porini miaka mingi," Nyirakamana alimwambia. "Imechoka kulala. Ipeleke itembee."

Siku ya ukaguzi, Eugène alipima taa, honi, matairi. Yote sawa. Akasema sasa anataka kuona breki ya mkono ikishika mlimani, gari likiwa na mzigo kamili.

Mzigo ulikuwa umeuzwa wote. Pulchérie akasimama mikono kiunoni.

"Mzigo iko hapa!" akasema mwanamke mmoja kati ya abiria wake waliokuja kutazama, na kabla Eugène hajafungua mdomo wanawake walikuwa wamekwisha kupanda, na mabeseni yao.

Walifika kwenye mwinuko wa Fizi, Eugène akiwa kiti cha mbele. Pulchérie akasimamisha gari katikati ya kilima, akavuta breki. Pikapu ikarudi nyuma kidogo. Kelele zikapanda mbinguni! Bonaventure, aliyekuwa amening'inia nyuma, akaruka na kutupa gogo chini ya gurudumu.

"Haijashika," alisema Eugène. "Pole, Mama."

"Shefu, mpe fundi nafasi."

Bonaventure akaingia chini ya gari, akakaza waya. Pulchérie anasema aliomba kwa Kibembe, kwa Kiswahili na kwa Kilatini kidogo alichokisikia parokiani. Wakajaribu tena. Safari hii pikapu ilisimama kama nyumba.

Nyuma wimbo wa kanisani ukaanza, na miguu ikapiga mbao. Eugène akatoa kichwa dirishani.

"Bamama, muache kucheza, gari itateremuka!"

"Kama iko na breki, itavumilia wimbo!"

Ikavumilia beti zote. Eugène akagonga muhuri palepale, karatasi ikiwa juu ya goti lake. Alipowaambia abiria washuke, hakuna aliyejisogeza. Wako nusu ya njia ya Fizi, washuke kwa sababu gani?

"Basi mulipe," alisema. "Sasa gari iko ya biashara."

Wakalipa. Na yeye, aliyekuwa hana namna nyingine ya kutoka pale, akaenda nao mpaka Fizi. "Hata mi nililipa," Eugène anathibitisha, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

Siku ya soko, gharama ya mafuta ikishatolewa, Pulchérie hubakiwa na dola nane hivi. Watoto wake wawili wamerudi shule.

Lakini mpango anaousema kwa sauti ya chini ni mwingine. Mama yake mzazi, aliyekimbilia kambini Tanzania, amejiandikisha kurudi. Meli itakayomleta inatazamiwa kutia nanga Baraka kabla ya Krismasi. Pulchérie atampokea ufukweni na kumpeleka Lubondja, kiti cha mbele, kioo kikiwa wazi aone mashamba.

Na nauli je?

Pulchérie anawasha injini kwanza.

"Eugène anisamehe," anasema. "Siku ile, gari itakuwa ya muntu binafsi."