Zeikomi na Zeinuki

Mjukuu wangu wa kike alikuwa anatafuta kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa Likasi, anayeagiza vipuri vya magari Japani. Muuzaji wa kule hajui Kifaransa. Basi huyo mfanyabiashara, patroni, akampa mtoto karatasi ya maneno ya Kijapani, ya ushuru na ya bei, na siku nne za kuyashika. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mimi shule niliiachia darasa la pili. Lakini majina ya watu hayanipotei. Kambi ya wafanyakazi ya Panda nilikoolewa, ninakutajia wenye nyumba wote, mstari kwa mstari, na watoto wao, hata waliokufa. Nikamwambia anisomee, na kila neno tukalitafutia nyumba yake kule kambini. Kanzei, ushuru wa mpakani, tukaliweka kwa mlinzi wa geti. Kakakuhyo, orodha ya bei, kwa mama mmoja aliyejua habari za kila mtu. Yakabaki mawili: zeikomi, bei pamoja na kodi, na zeinuki, bei bila kodi. Hayo nikayapeleka kwa mama wa mapacha, mapasa tunavyowaita.

"Hawa wawili, ukiita mumoja, ita na mwenzake," nikamwambia. "Pacha haitwi peke yake, yule mwingine atagonjwa."

"Kambo," akasema, maana bibi kwetu huitwa hivyo, "ile ni kazi ya biro, ya ofisi, haiko ngoma ya mapasa!"

"Weye ita tu."

Siku ya jaribio patroni alimwagiza aombe kwa ujumbe wa simu orodha ya bei, zeinuki. Mtoto akaandika maneno yote mawili, kama tulivyozoea. Zikaja orodha mbili.

"Niliomba ngapi?" patroni akauliza.

"Moja, patroni."

"Na hii ingine?"

Akasema kambo yake alimkataza kuwatenganisha mapacha. Watu wa biro wakacheka. Patroni hakucheka. Akazilaza orodha mezani, akawa anagusa neno moja baada ya jingine kwa kalamu, na mtoto anajibu maana yake, midomo ikichezacheza kabla ya kila jibu.

"Unaongea na nani?"

"Minye napita mu kambi, patroni. Natafuta nyumba."

Hakukosa hata moja.

"Utaanza Siku ya Kwanza," patroni akasema, yaani Jumatatu. "Lakini nikiomba moja, uombe moja."

Tangu hapo anaandika zeinuki peke yake. Mara ya kwanza aliniuliza kama kuna ubaya. Nikamwambia pacha hao ni maneno tu, hakuna aliyewazaa, aandike.