Nilivyowapokea Wageni wa Posa Nikiwa Ninaning'inia

Jamani, aibu niliyoipata mie siku ile, kama aibu ingekuwa inaua basi mngekuwa mshanisomea hitima zamani na ubwabwa mshaula. Nilikusudia nikae kimya mpaka watu wasahau, lakini hawasahau, na kila anayeisimulia anatia chumvi yake (juzi tu nimesikia ati nilikuwa sina nguo, uongo mtupu, nguo nilikuwa nazo), kwa hivyo nimeona bora niisimulie mwenyewe, angalau nijiaibishe kwa kipimo changu.

Kwa wasionijua, mimi naitwa Hamadi, mtu wa Pemba, nakaa Thamesmead, huku ughaibuni, miaka mingi sasa, na kazi yangu ni kupiga picha za eksirei hospitalini. Kazi hiyo ndiyo iliyoniponza, maana ukishinda kutwa unatazama mifupa ya watu unaanza kujidanganya kwamba hakuna kitu duniani usichojua kilivyoungwa. Basi nikanunua pikapu, si pikapu ya maana, pikapu kongwe kunizidi mie mwenyewe, imeliwa na kutu mpaka ukiigonga inakujibu kwa vumbi. Niliipenda kwa sababu pikapu ya aina ileile ndiyo iliyombeba mama yangu kutoka shamba kwenda hospitali ya Chake Chake anizae, na mie sikusubiri tufike. Mke wangu Rukia akaipa jina, akawa anaiita mke mwenza. Akinitafuta anauliza, "Leo zamu ya nani, yangu au ya yule wa nje?"

Mwenzangu katika wazimu huu ni Balwant, Sikh mzaliwa wa Nakuru anayekaa Stanmore, mzee mwenye moyo wa dhahabu, maisha yake yote alikuwa na duka la dawa. Kwa hivyo mafundi ndio hao, mpiga eksirei na muuza dawa, na gari mgonjwa wetu. Tulikuwa tushafika pahala pa kuiondoa kebini, ile sehemu anayokaa dereva, tuinyanyue tuiweke pembeni ili tusafishe chesisi, yaani mifupa ya gari iliyo chini yake. Balwant akaazima kwa mpwa wake fremu kubwa ya chuma yenye mnyororo wa kupandishia mizigo, ule wa kuvuta kwa mikono, tukaisimamisha mbele ya nyumba yangu, majirani wote wanaiona.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipokosea. Kebini ya zamani huinyanyui hivihivi. Kwanza unafunga vyuma vya kukingama kwenye nafasi za milango, kwa sababu kebini ni kama boksi la kadibodi, ukilining'iniza kwa juu linapinda. Sisi tulilijua hilo, vyuma tushavikata, vimeegemea ukutani vinatutazama. Lakini kuvifunga ni kazi ya siku nzima, na Jumamosi hiyo alasiri tulikuwa tunawategemea wageni wa kumposa binti yetu Salha.

Wala msidhani ni posa ya mchezo. Salha alikuwa amempenda kijana mmoja, Khalid, mtoto mzuri, mpole, lakini kwao ni watu wazito, Wazanzibari wa asili ya Oman, wako Edgware Road, na kulikuwa na shangazi yao Bi Zeyana ambaye akisema hapana basi hata babake Khalid anakunywa kahawa ananyamaza. Na huyo Bi Zeyana tulishaambiwa alikuwa ameshamchagulia Khalid msichana mwingine, wa ukoo wao. Mwanangu hakulala wiki nzima.

Asubuhi Rukia akaniambia, "Baba Salha, leo si siku yake. Acha chuma na kutu, koga, vaa, kaa."

Mie nikamwambia, "Nusu saa tu." (Mwanamume akisema nusu saa tu, mfungieni ndani.)

Balwant akaviangalia vile vyuma, akaniangalia mie. "Tusivifunge kweli, ndugu yangu?"

"Tunainua kidogo, tunasogeza chesisi, tunaishusha. Itapinda saa ngapi?"

Nusu saa ikawa mpaka adhuhuri, tukaipitisha mikanda ndani ya madirisha ya milango, tukaikutanisha juu ya paa, tukaitia kwenye ndoano. Mie nimevaa suruali ya kazi iliyochanika na miwani ya kuogelea, kwa sababu kutu ilikuwa inaniingia machoni, na uso wote nimepakaa grisi bila kujua. Balwant akavuta mnyororo, kebini ikapanda kama upana wa kiganja, ikagoma. Nikachungulia, kumbe tumeusahau waya wa handibreki, umeing'ang'ania kebini kama mtoto aliyeshika nguo ya mamake. Balwant akailegeza kidogo, nikaingia ndani, nikafunga mlango (msiniulize kwa nini, mtu akiingia garini hufunga mlango), nikachutama maana viti tushavitoa, nikaifungua nati ya ule waya, nikapiga kelele, "Vuta!"

Nilikusudia auvute waya kwa chini. Balwant alikuwa ameshika mnyororo, akasikia vuta, akavuta, tena kwa nguvu zake zote za Nakuru.

Nikaenda juu kama ndoo ya kisimani. Kebini ikasimama usawa wa kifua cha mtu, ikayumba, na ncha ya mkanda iliyokuwa inaning'inia ikaingia kwenye gurudumu la mnyororo ikakwama humo. Balwant akavuta huku, akavuta kule, wapi, haupandi, haushuki.

"Wacha wasiwasi," akasema, "fungua mlango uruke."

Nikausukuma mlango. Kimya. Nikaupiga bega. Kimya. Paa linavutwa juu, sakafu inavutwa chini na uzito wangu, milango imebanwa katikati kama karanga kwenye koleo. Madirishani mna mikanda, na nafasi iliyobaki angeweza kupita Salha alipokuwa darasa la pili, si mie na kitambi hiki. Kidirisha cha nyuma ndio usiseme. Kikabaki kioo cha mbele, na Balwant alipokuja na nyundo nilipiga ukelele majirani wakatoka, maana kioo kile ni cha asili, hakina hata mkwaruzo, na kukipata kingine ni sawa na kulitafuta jino la kuku.

"Basi niite zimamoto?"

"Usithubutu! Wageni wasije wakakuta zimamoto mlangoni!"

Na hapo ndipo gari la wageni lilipoingia kwenye barabara yetu. Walikuwa wamehofia kupotea Thamesmead, kwa hivyo wametoka mapema, na mara hii Waswahili wakafika kabla ya saa yao. Akateremka Mzee Seif, babake Khalid, kanzu nyeupe pee, akateremka mshenga wao Mzee Abdalla na joho lake, kisha akateremka Bi Zeyana taratibu, amebeba sinia la halua.

"Hodi, hodi!"

"Karibuni!" nikajibu, kwa sababu adabu ni adabu. Wakaanza kutafuta sauti inatoka wapi. Na shida nyingine ni kwamba kebini ilikuwa imening'inia kwenye ndoano moja, kwa hivyo inageuka polepole, inakwenda na kurudi. Mzee Abdalla akatoa salamu nikiwa nimemwelekea, mpaka niifikishe waaleikumu salaam nshaelekea kwenye mapipa ya taka. Nikarudi nikamsalimia Mzee Seif, nikaondoka tena, yeye akabaki ameunyoosha mkono.

Alipofika Bi Zeyana nikaona haiwezekani, mama mtu mzima yule nimsalimie nimechutama. Nikainuka nisimame kwa heshima. Sakafu nayo ilikuwa kutu tupu. Ikasema krrr, mguu wangu wa kulia ukapita mpaka kwenye paja, ukatokeza chini hewani, ndala ikavuka ikaanguka miguuni kwake.

Bi Zeyana akaitazama ndala. Akautazama mguu. Akaninyanyulia macho pale dirishani, uso mweusi kwa grisi na miwani ya kuogelea.

"Huyu ndiye baba mtu?"

Rukia alikuwa ameshatoka, buibui lake jipya, udi unamnukia. Akasema, "Ndiye." Aliisema ile ndiye kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Kisha nikamuona Salha mlangoni. Yeye tunamsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, ndio watoto wa hapa, lakini siku ile alisema Kiswahili, kidogo kidogo. "Baba, nakuomba. Vunja kioo."

Nakwambieni ukweli wa Mungu, pale nilisahau kucheka na nilisahau hata mguu. Mtoto alikuwa amesimama anaikunja ncha ya mtandio wake kidoleni kama alipokuwa mdogo akisubiri sindano. Nikaona nilivyo mpumbavu, nimekaa ndani ya bati bovu nalinda kioo.

"Balwant," nikasema, "vunja."

Balwant akainua nyundo. Bi Zeyana akamkabidhi Rukia sinia la halua.

"Ngoja wewe," akamwambia Balwant. "Kioo kizima kivunjwe kwa lipi? Wanaume wote hawa hamna mikono? Kilichokwama ni nini?"

Balwant akamwonyesha ule mkanda kwenye gurudumu, akamweleza kwamba uzito ukipungua kidogo tu utatoka.

"Abdalla, vua joho. Seif, ingia upande wa pili. Mbebeni."

Na wallahi wakanibeba. Mzee Seif bega moja, Mzee Abdalla bega la pili, wameinama chini ya kebini wanasukuma juu, na kutu ya sakafu inawamwagikia shingoni, kanzu nyeupe zinageuka rangi ya mdalasini. Balwant akauchomoa mkanda, mnyororo ukalegea, akaanza kuishusha. Mie nikakumbuka.

"Mguu! Jamani mguu kwanza!"

Maana mguu wangu ulikuwa bado uko nje, na chini yake kuna chesisi ya chuma inausubiri. Nikauvuta, umekwama gotini. Rukia ana sinia, Salha amejifunika uso, wanaume wote mikono imejaa. Basi Bi Zeyana mwenyewe, shangazi wa Edgware Road, akakunja mikono ya buibui lake, akaushika unyayo wangu, unyayo mtupu wenye grisi, akausukuma juu kama mtu anayerudisha mchi kabatini.

"Kunja goti!" akaamrisha. "Kunja! Bismillahi!"

Mguu ukaingia. Wazee wakajitoa chini, kebini ikatua kwenye chesisi kwa kishindo, na uzito ulipoondoka kwenye paa ule mlango ulionigomea ukafunguka wenyewe, taratibu, kwa adabu zote, kama mlango wa hoteli. Nikateremka na kiatu kimoja. Nikamwambia Bi Zeyana shikamoo, maana sikujua niseme nini jingine.

Tulipoingia ndani nilikwenda kujisugua kwa sabuni ya vyombo, na Rukia akawapa wazee kanzu zangu wabadilishe. Mzee Abdalla ni mrefu kama mnazi, kanzu yangu ikamfika kwenye magoti, na ndivyo alivyokaa pale sebuleni, miguu nje, akasafisha koo lake, akaanza kwa maneno yao ya heshima. "Sheikh Hamadi, sisi tumekuja na shughuli yetu, ingawa tumekukuta mwenzetu na shughuli yako." Hakuweza kuendelea. Bega lilianza kumtikisika, Mzee Seif akaficha uso kwenye kikombe cha kahawa, mara nyumba nzima imevunjika kwa kicheko, Balwant ndiye aliyelia machozi. Bi Zeyana peke yake hakucheka.

Walipotulia akasema, "Sisi tuliambiwa babake binti ni mtu wa hospitali kubwa, anajiona, hakai na watu. Nimekuja na maneno yangu ya kukataa tayari." Akamtazama Salha. "Lakini mtu anayejiona hawezi kuwa na mguu ule. Mie nimeridhika. Nyinyi mnasemaje?"

Tukasema tumeridhika. Salha alilia, Rukia akapiga kigelegele kilichosikika Woolwich, na halua ikaliwa.

Arusi ilikuwa nzuri, alhamdulillahi, ingawa upande wa kwao kunijua kwa jina hawanijui, nikipita nasikia wanawake wananong'ona, "Huyo, yule wa kwenye kitundu." Kebini ilipinda, bila shaka, na kuinyoosha kulituchukua baridi nzima, mimi na Balwant hatusemezani ila kwa ishara, kwa sababu neno vuta nimelipiga marufuku.

Na nimeweka nadhiri nyingine. Nyumbani pakiwa na miadi ya wageni, mie spana sishiki, bisibisi sishiki, hata kijiti cha meno nakifikiria mara mbili. Idi iliyopita Khalid na wazee wake walikuja kula kwetu, na balbu ya sebuleni ikaungua biriani iko mezani. Wote wakanigeukia. Nikaikunja mikono yangu mapajani, nikasema bismillahi, tukala gizani.