Kimya cha Paskazia

Wimbo ule ukipigwa redioni, kuna watu pale Nyasubi, mjini Kahama, huipiga redio kofi, wakidhani imekufa. Magitaa yananguruma, ngoma zinapasua masikio, halafu ghafla kimya. Paskazia, muuza dagaa, huendelea kupanga mafungu yake huku akitabasamu. Kimya kile ni chake.

Alikulia karibu na Kolandoto, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Kijijini walilima kwa kikundi, wamejipanga mstari, wakiimba wimbo huohuo ili majembe yashuke pamoja. Yeye alibaki nyuma kila mara. Basi kiongozi wao akaweka kituo katikati ya wimbo: majembe juu, midomo kimya, mpaka Paskazia awafikie na kuita, "Nimefika!" Hakuna aliyemcheka, wala aliyemwambia akakae kivulini.

Thobias, mwimbaji wa bendi ya roki kutoka Geita, alifundishwa wimbo huo na Paskazia mwenyewe, akaurekodi na bendi yake. Wenye studio walitaka kimya kiondolewe. Akakataa katakata: "Mkikiondoa, mmemwacha mama shambani."

Bendi ilipokuja Kahama, Thobias alimwekea kiti mbele kabisa. Lakini Paskazia alichelewa kufunga biashara. Wimbo ulianza akiwa bado njiani, anachechemea. Kisha kimya, kirefu kuliko cha redioni. Alipofika langoni alikuta uwanja mzima umetulia tuli, vijana wameinua mikono juu, na Thobias amekikazia macho kile kiti kitupu.

Paskazia akafuta machozi kwa upande wa kanga, akavuta pumzi.

"Nimefika!"